Mwambie Ukweli Kabla Hajapanda Ndege



Wengi wenu mnamjua mtu aliyekwenda Doha kufanya kazi mkahawani. Mara nyingi hakuona tangazo popote. Alipigiwa simu na binamu aliyetangulia: "Njoo, hapa wanatafuta weita." Binamu huyo ndiye aliyemwonyesha kazi na kumkopesha hela hadi mshahara wa kwanza. Hiyo ndiyo nguvu yetu.

Lakini binamu huyo huyo hutuma picha ya magorofa, hatumi picha ya chumba wanacholala watu wanane. Anaona haya. Basi anayemfuata anakopa, mzee anauza shamba, halafu anakuta yale yale.

Wewe uliye kule, sema ukweli: mshahara, saa za kazi, deni. Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na sheria inamkataza mwajiri kukushikia pasipoti. Wewe unayekwenda, hakikisha wakala ana leseni ya serikali, na nakala ya mkataba mwachie mama.

Ndugu yako akiponzwa na ukimya wako, na wewe umemponza.