Salfa ya Bure Inatoka Mfukoni kwa Nani?

(Nilizungumza haya mbele ya vijana wenzangu wa Mtwara Vijijini. Wengi mliomba maandishi, ndiyo haya.)

 

Kuanzia Msimbati mpaka Kilambo, msimu wa kupulizia ukikaribia utasikia wimbo ni mmoja: serikali imetuletea ruzuku, salfa bure. Mbunge anapiga picha na mifuko, diwani anashukuru. Mimi nauliza, bure kutoka mfukoni kwa nani?

Korosho ghafi ikisafirishwa nje inatozwa ushuru: asilimia 15 ya bei ya kusafirishia, au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa. Anaulipa msafirishaji. Lakini jamani, yule hatoi cha kwake! Anaupigia hesabu kwanza, ndipo anaandika bei mnadani. Maana yake umeulipa wewe, na bibi yako kule Mahurunga.

Sheria ililijua hilo. Kifungu cha 17A cha Sheria ya Tasnia ya Korosho, Na. 18 ya 2009, kilitaka asilimia 65 ya ushuru irudi kuendeleza zao, na 35 iende Mfuko Mkuu wa Hazina. Juni 2018 Bunge likapitisha Sheria ya Fedha, ile 65 ikaondoka, zote zikaenda Hazina. Wabunge wa kusini walipinga, hata wa CCM, hapo nawapa haki yao. Hawakufua dafu.

Msimu uliofuata mnaukumbuka. Wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za mnada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori. Bei nzuri, sikatai. Malipo sasa! Uhakiki juu ya uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba, kisa kangomba. Wapo waliosubiri miezi. Na mavuno yalishuka kutoka zaidi ya tani 313,000 msimu wa 2017/18 hadi kama 225,000. Sisemi ni ushuru peke yake. Ila mkorosho ukikosa salfa, ubwiriunga unakula maua, na ua likishapukutika hakuna tamko la kulirudisha.

Leo salfa inagawiwa tena. Vizuri, chukueni, pulizieni. Lakini ruzuku inayotegemea tamko inaweza kukatwa kwa tamko. Mtaniambia, mbona hata sheria ilifutwa? Kweli. Ila kuifuta ilibidi muswada uende bungeni, wabunge wetu wakasimama wakabishana, nchi nzima ikasikia. Tamko halipigiwi kura. Kwa hiyo dai letu liwe asilimia yetu ilindwe ndani ya sheria, iandikwe kwa tarakimu.

Wakati tunasubiri, kuna kazi ndogo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Iandikieni halmashauri: kijiji chetu kimepangiwa mifuko mingapi ya salfa, imefika mingapi, wameandikishwa wakulima wangapi? Halafu linganisheni na vitabu vya AMCOS yenu. Mfano wa barua ninao, nakala ziko kwa katibu pale mlangoni. Weka tarehe, baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Wakikwambia mhuri hakuna, kaa hapohapo kwenye benchi mpaka upatikane.