Dereva Naye ni Mwenzetu
(Hotuba ya Katibu katika sherehe za miaka kumi, Shanwe)



Magari yaliyochukua mazao yetu miaka hii kumi hayakujiendesha. Yuko dereva, yuko utingo, yuko fundi. Watu hao sasa wataka kufungua tawi la chama chao cha wafanyakazi, na baadhi yetu wameingiwa na hofu.

Zamani za ukoloni, huko Kenya, mshahara ulipimwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Makundi yalipotengana, mwajiri alistarehe. Mwaka 1935 chama cha wafanyakazi cha Nairobi, katibu wake Makhan Singh, kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai, kiongozi wa madereva na wachukuzi, waliunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho moja. Tarehe 15 Mei 1950 wote wawili walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Makhan Singh alizuiliwa mpaka mwaka 1961. Serikali iliogopa umoja kuliko kelele.

Ndugu zangu, nasi tuliungana ili mnunuzi asitupangie bei peke yake. Haki tuliyomdai mnunuzi, tutamnyimaje dereva? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Naiomba Kamati ikutane na wajumbe wao kabla ya msimu, wala isingoje magari yasimame na mazao yalale ghalani.