DAWA YA BONDENI NA MTOTO ALIYE TUMBONI
(Mazungumzo ya kamati ya ushirika, yaliyosomwa barazani baada ya sala ya Ijumaa. Tumeyaandika hapa kwa sababu wengi walikuwa baharini na wengine kwenye mwani.)



Mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akasema: "Dawa hii ya tungule napuliza mwaka wa kumi sasa, na mnaniona nimesimama. Mnatutisha bure." Watu wakacheka. Sisi tulikaa kimya siku ile, maana suala lake ni la haki na halijibiwi kwa kelele. Leo tunalijibu.

Sumu ina njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kichwa kinauma, mate yanatoka, mtu anatapika, anakimbizwa Chake Chake. Hiyo inaonekana. Ya pili haina homa wala kelele, na ndiyo tunayoizungumza.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo mno, huitwa seli, havionekani kwa jicho. Ndani ya kila kimoja mna maandishi yanayokiamrisha: wewe ni wa ini, wewe ni wa ngozi, gawanyika sasa, simama sasa. Maandishi hayo ndiyo urithi wetu kutoka kwa baba na mama. Ziko kemikali zinazoyafuta au kuyakata. Mara nyingi mwili hurekebisha wenyewe, au seli ile hufa, yakaisha. Lakini pengine linalofutwa ni lile neno "simama". Hapo seli inagawanyika bila ya kukoma, na hiyo ndiyo saratani. Huchukua miaka 10, 20, hata 40. Kwa hivyo mzee wetu kusimama leo si ushahidi kwamba dawa haina neno. Wala hatusemi ataugua. Tunasema hesabu yake haijafungwa.

Wataalamu waliopima damu ya wapuliziaji katika nchi mbali mbali wamekuta maandishi yaliyokatika mengi zaidi kuliko kwa watu wasiopuliza. Ama kwamba mkato huo hurithiwa na wajukuu, kwa wanyama umeonekana. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, nasi hatutaki kuwaongezea chumvi.

Sasa mtoto aliye tumboni. Moyo, mikono, miguu, mdomo na uti wa mgongo hufanyika baina ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutunga. Tafadhalini liangalieni hilo. Wakati huo mama wengine hawajajijua kama ni waja wazito, na yumo bondeni anapalilia, mume yuko upande wa upepo na bomba mgongoni. Zamani watu wakidhani tumbo la mama ni ngome, hakipenyi kitu. Wazungu walijifunza kwa machungu. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, ikasifiwa kuwa haidhuru, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameshadhurika, wengi wao wamezaliwa na mikono na miguu mifupi. Mama zao wenyewe hawakuumwa na kitu.

Wazee wa hapa wanaikumbuka DDT. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1968 kulikuwa na kampeni kubwa ya kufuta malaria Unguja na Pemba, nyumba zikapigwa dawa kutani. Malaria ilishuka sana, na hatuna haki ya kuitukana kazi ile, iliokoa watoto. Lakini DDT haiozi upesi. Hukaa katika mafuta ya mwili miaka na miaka, na hupita katika maziwa ya mama. (Asije mtu akaacha kunyonyesha kwa maneno haya! Maziwa ya mama bado ndiyo bora.) Huko California, Marekani, ilihifadhiwa damu ya wajawazito tangu 1959 hadi 1967. Watoto wao wa kike walifuatwa mpaka utu uzima. Mwaka 2015 majibu yakatolewa: mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi damuni waliugua saratani ya matiti karibu mara 4 kuliko wale ambao mama zao walikuwa nayo kidogo. Mama ndiye aliyeingiwa na dawa, binti akaugua miaka 50 baadaye. Mwaka huo huo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba DDT huenda inaleta saratani kwa binadamu, na kwamba lindani, dawa nyingine ya wadudu, inaleta kwa yakini.

Na sumu haihitaji kupulizwa ndipo idhuru. Pale Vikuge, Kibaha, mwaka 1986 ililetwa msaada kutoka Ugiriki, kiasi cha tani 170 za dawa za wadudu, nyingine muda umeshapita. Banda lilianguka, dawa zikabaki kwa mvua na jua zikizama ardhini. Msaada gani huo, jamani!

Mombasa, ambako wengi tuna ndugu, mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Watoto wakaingiwa na risasi damuni, mimba zikaharibika. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikathibitisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wanaoyeyusha betri nyuma ya jiko wapate chubwi za nyavu. Risasi hujificha mifupani, na mwanamke akibeba mimba hutoka mifupani ikamfuata mtoto.

Liko jambo moja zito kulisema. Mtoto akizaliwa na kilema hapa kwetu, wa kwanza kuulizwa ni mama: alikwenda wapi usiku, alimkosea nani, kwao kuna nini. Wengine wamepewa talaka kwa hilo. Vilema vingi sababu yake haijulikani hata na madaktari, na hatuwezi kusema huyu ni wa dawa, yule si wa dawa. Lakini mume aliyeingia ndani na kanzu ya kupulizia akaitupa aifue mkewe mja mzito, huyo hana uso wa kumuuliza mtu.

Kamati imepatana haya. Ghala la ushirika halitauza tena dawa iliyomiminwa chupani bila ya karatasi ya jina. Mja mzito na anayenyonyesha hapangiwi zamu ya bonde siku ya kupuliza wala siku zinazofuata, na fungu lake la mavuno halipunguzwi. (Wako waliopinga hili la fungu. Tulipiga kura, limepita.) Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, tena na aliyezivaa, mbali na kisima. Betri kuukuu zisiyeyushwe majumbani.

Na madumu. Dumu la dawa halisafiki, hata ulisugue kwa mchanga na majivu, plastiki imeshakunywa. Tumeyaona yakichotewa maji, na moja tumeliona lina mafuta ya nazi. Yasichomwe moto, maana moshi wake nao ni sumu. Suuzeni mara tatu, maji yale yamwagwe katika bomba la kupulizia, kisha litobolewe. Yaletwe ghalani Jumamosi kabla ya adhuhuri, bwana shamba atayapokea. Atakayeleta dumu alilokuwa akichotea maji atapewa safi kwa fedha za ushirika. Yaliyopo ni machache, wenye watoto wadogo watangulie.