Miezi ya Bruegel: Kuisoma Upya Theluji ya Mwaka 1565



Nimekuja kubishana na namna picha moja inavyosomwa siku hizi. Picha yenyewe iko Vienna, katika Kunsthistorisches Museum, jumba lililofunguliwa mwaka 1891, lenye michoro ya rangi ya Pieter Bruegel mingi kuliko jumba lingine lolote duniani. Wengi mmeiona vitabuni: wawindaji watatu wanashuka kilima chenye theluji, mbwa wamechoka nyuma yao, na bondeni watu wanateleza juu ya barafu. Ni ya mwaka 1565. Leo imekuwa pambo la majalada ya vitabu vya historia ya tabianchi, ikitolewa kama ushahidi wa karne zile za baridi ambazo wataalamu huziita Enzi Ndogo ya Barafu.

Usomaji huo una mzizi wa heshima. Mwaka 1970 Hans Neuberger, mtaalamu wa hali ya hewa, alichapisha matokeo ya kukagua picha zaidi ya 12,000 zilizochorwa tangu mwaka 1400 hadi 1967, akitazama wingi wa mawingu na rangi ya anga. Ilikuwa kazi ya subira kubwa. Sababu za enzi yenyewe na mipaka yake ninaziruka. Wenzangu wa idara ya jiografia wanazijua kunizidi. Ninachokipinga ni hatua iliyofuata: kuitwaa picha moja ya Bruegel na kuifanya kipimajoto.

Tazameni milima. Nyuma ya bonde vimesimama vilele vya mawe vyenye ncha kali, na nchi aliyoishi Bruegel, Flanders na Brabant, haina mlima hata mmoja wa namna hiyo. Katika miaka ya 1550 aliivuka Alps katika safari yake ya Italia, na Karel van Mander, aliyeandika habari za wachoraji mwaka 1604, alikwishajua kwamba milima ile ilitoka katika safari hiyo. Kijiji ni cha kwao, milima ni ya ugenini, na bonde zima ameliunda mwenyewe. Hali ya hewa ya bonde lisilokuwapo inapimwaje?

Theluji nayo haikuanza naye. Karibu miaka 150 kabla yake, ndugu wa Limbourg walipomchorea Mtawala wa Berry kitabu cha sala, kilichopo sasa Chantilly, Ufaransa, ukurasa wa Februari waliujaza theluji: imetanda juu ya mizinga ya nyuki, kondoo wamebanana zizini, mtu anakata kuni. Waliiweka kwa sababu Februari katika kalenda ilikuwa na kazi zake na baridi yake, na kila msomaji wa vitabu vile alitarajia kuikuta hapo.

Zaidi ya yote, mwaka uleule wa 1565, kwa mteja yuleyule, Bruegel alichora mavuno ya ngano. Jua linachoma, wavunaji wanakula chini ya mti, mmoja amelala chali miguu wazi. Picha hiyo iko New York. Kama theluji ya Vienna ni ushahidi wa baridi, basi joto la New York ni ushahidi wa nini? Sijapata jibu kwa wanaoichagua moja na kuiacha nyingine.

Nakubali kwamba majira ya baridi ya 1564 na 1565 yalikuwa makali mno, na Bruegel aliyaishi. Mwaka 1566 alitia theluji hata katika Bethlehemu ya sensa ya Yosefu na Mariamu, picha iliyopo Brussels. Baridi ilimpa rangi na ikamfundisha kuiona. Lakini jambo la kuchora alilipata kwingine, na ushahidi wangu ni karatasi ya deni.

Karatasi hiyo naipenda kuliko nyaraka zote za uwanja huu. Mnamo Februari 1566, Nicolaes Jonghelinck, tajiri wa Antwerp na ndiye mteja niliyemtaja, alimdhamini rafiki yake mbele ya jiji kwa gilda 16,000. Dhamana ilikuwa mkusanyiko wake wa picha, na ndani yake mna 16 za Bruegel. Karani hakuwa mhakiki wa sanaa. Alitaka tu jiji lijue litachukua nini iwapo deni halitalipwa. Kwa sababu hiyo namwamini. Aliandika Mnara wa Babeli, akaandika Yesu akibeba msalaba, kisha akaandika Miezi Kumi na Miwili. Theluji hakuitaja, wala hali ya hewa. Rangi za picha hizi za miezi zilikuwa na umri wa miezi tu, mwenye mali yu hai, mchoraji yu hai, na jina walilozijua kwalo lilikuwa la kalenda. Mwaka 1594, Antwerp ilipomzawadia picha hizo Mtawala Ernst, kumbukumbu zilizitaja kuwa mbao sita za miezi kumi na miwili. Kila ubao, basi, ulibeba miezi miwili.

Ukisoma hivyo, macho yanahama kutoka kwenye anga kwenda mikononi mwa watu. Siku niliposimama mbele ya wawindaji wale kwa mara ya kwanza, mwongoza wageni aliyekuwa karibu alieleza juu ya barafu tu, kisha akahamisha kundi lake. Nilibaki nikimtazama mwanamke anayevuka daraja upande wa kulia, mzigo wa kuni mgongoni. Nimezaliwa Makete, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani ya viazi. Bibi yangu aliijua miezi kwa kazi: mwezi wa kupalilia, mwezi wa kuvuna ngano, mwezi wa kuni. Asingehitaji kuelezwa yule mwanamke anafanya nini, wala kwa nini amechorwa.

Kuanzia kwa mwanamke huyo, picha nzima inapangika. Wawindaji wametoka porini na mbweha mmoja tu, amening'inia kwenye mkuki. Kwa mbwa wengi vile, ni mawindo ya njaa. Kushoto, mbele ya nyumba ya wageni, watu wamewasha moto kubabua nguruwe, kazi ya kila mwaka ya kuweka nyama ya majira magumu. Kibao cha nyumba hiyo kinaning'inia kwa ndoano moja. Gurudumu la kinu cha maji limeganda, kwa hiyo hakuna kusaga. Mbali kabisa bomba la moshi linawaka na watu wanakimbia na ngazi. Wanaocheza kwenye barafu wanacheza kwa sababu shamba limefungwa. Uzuri wa theluji ile, nao ni mkubwa sana, Bruegel aliuona kwa macho ya mtu anayejua ghala lina nini.

Mbao nyingine nazo ni za kazi. Picha ya Februari na Machi iliyopo Vienna inaonyesha watu wakipogoa miti huku bahari imechafuka. Ya vuli, papo hapo Vienna, inashusha ng'ombe kutoka malisho ya juu kabla baridi haijawafunga huko. Ya kukata majani ya mifugo iko Praha, mikononi mwa ukoo wa Lobkowicz, ulionyang'anywa mali na Wanazi kisha na serikali ya kikomunisti kabla ya kurudishiwa. Kwa imani yangu, na nimeipima mara nyingi bila kuiacha, kuitazama moja bila kuzikumbuka nyingine ni kusoma ukurasa mmoja wa daftari la mkulima.

Ubao wa sita umepotea: Aprili na Mei. Anayepima baridi hana alichopoteza hapo. Sisi tumepoteza miezi ya kupanda. Lakini mwaka uleule wa 1565 Bruegel alichora kwa kalamu mchoro wa Majira ya Kuchipua, ambao uko katika jumba la Albertina, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwa wawindaji. Ndani yake wanaume wanachimba matuta, wengine wanahudumia miche, na nyuma kondoo wananyolewa manyoya. Mwanafunzi wangu atakayefika Vienna, na aombe kwanza kuonyeshwa mchoro huo, ndipo aende kuitazama theluji.