Mlima wa Moto Ulilipuka Lini? Tuulize Udongo

Wengi huniuliza: wataalamu hujuaje mlima wa moto ulilipuka mwaka gani, na hakukuwa na mtu wa kuandika? Na wakijua, itatusaidia nini sisi?

Natoa mfano wa mlima St. Helens, jimbo la Washington, Marekani. Kabla ya 1980 wanajiolojia wawili, Dwight Crandell na Donal Mullineaux, walitumia miaka mingi wakikagua udongo pande zote za mlima huo. Aliyechimba shimo la choo anajua udongo hukaa kwa matabaka. Kule walikuta majivu, halafu udongo wa kawaida, halafu majivu tena. Huo udongo wa katikati usiudharau! Unaonyesha mlima ulitulia mpaka msitu ukaota.

Lakini ulitulia miaka mingapi? Hapo walitafuta mkaa wa miti iliyounguzwa. Mti ukiwa hai hupokea kutoka hewani aina moja ya kaboni ambayo hupungua polepole. Ukifa haupokei tena, na kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Maabara hupima iliyobaki. Hesabu hiyo huweza kupotoka miaka makumi, kwa hiyo baadaye David Yamaguchi alihesabu pete za mashina ya miti mizee. Kila mwaka ni pete moja, na mwaka wa majivu pete huwa nyembamba. Akapata milipuko ya 1480 na 1482.

Basi mtafiti akiomba kuchimba shambani mwako, usidhani anatafuta dhahabu.

Faida ni hii. Mwaka 1978 wale wawili waliandika kwamba mlima huo, uliokuwa kimya zaidi ya miaka mia moja, huenda ukalipuka hata kabla ya karne kuisha. Walichora na ramani ya mabonde ya hatari. Machi 1980 ulipoanza kutoa mvuke, ramani ilikuwa tayari, na barabara za karibu zikafungwa.

Jumapili asubuhi, tarehe 18 Mei 1980, ubavu wa kaskazini uliporomoka. Walikufa watu 57. Wengi wao walikuwa nje ya eneo lililofungwa, maana mlipuko ulitokea ubavuni ukafika mbali kuliko mlipuko wowote wa namna hiyo uliokuwa umesomwa katika udongo wa mlima ule.