Sindano ya homoni na mwili wa mzee
Leo tunazungumzia sindano ya homoni kwa saratani ya tezi dume, ile ambayo wengi huchomwa tumboni kila baada ya siku 28 au miezi 3. Hushusha testosteroni, homoni inayoichochea saratani hiyo. Lakini mifupa nayo huihitaji homoni hiyo, na ikipungua mifupa hudhoofika. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi: mzee anateleza kidogo tu bafuni, nyonga imevunjika. Wengine huamka usiku shuka limelowa jasho, na feni inazunguka. Misuli hupungua, sukari huweza kupanda, hamu ya tendo la ndoa hupotea. Mama, usidhani mumeo amekuchoka, ni dawa. Na wewe baba, usiache sindano kimyakimya. Mweleze daktari, umwombe akupime mifupa na sukari.