Biblia Iliyofichwa Katika Marobota ya Nguo

Fungu la kusoma: Nehemia 8:1–9

 

Katika fungu letu la leo twawaona watu wa Yerusalemu wamekusanyika uwanjani, mbele ya Lango la Maji. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti, akawasomea torati asubuhi yote, na Walawi wakawaeleza watu maana yake. Ndipo watu wakalia. Hawakulia kwa sababu ya uzuri wa sauti ya Ezra, bali kwa sababu walifahamu yale waliyosomewa. Neno la Mungu likifahamika, humgusa mtu moyoni.

Leo twataka kuwasimulia habari za taifa moja lililokaa miaka mingi likisomewa Neno hilo bila kulifahamu. Taifa hilo ni Uingereza. Wako miongoni mwetu wadhanio kwamba Biblia ya Kiingereza ndiyo Biblia yenyewe, na zile za lugha zetu ni kivuli chake tu. Lakini, ndugu zangu, kulikuwa na wakati ambapo wenye elimu walikiita Kiingereza lugha ya washamba, isiyofaa kubeba mambo matakatifu. Katika makanisa ya Uingereza Biblia ilisomwa kwa Kilatini. Mkulima alisimama, akasikia sauti, akarudi nyumbani kama alivyokuja.

Zamani sana watu wachache walikuwa wametafsiri sehemu za Maandiko. Husimuliwa kwamba mtawa Bede, aliyekufa mwaka 735, alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana hata siku ya kufa kwake. Lakini Biblia nzima ilingoja mpaka siku za John Wycliffe, mwalimu wa chuo cha Oxford. Yeye na wenzake waliona kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kusikia sheria ya Mungu kwa lugha ya mama yake. Karibu na mwaka 1382 walikuwa na Biblia ya Kiingereza, iliyotafsiriwa kutoka Kilatini. Mitambo ya kupiga chapa haikuwako bado. Kila nakala iliandikwa kwa mkono. Imesimuliwa kwamba wako waliotoa mzigo mzima wa nyasi kavu ili wapewe sura chache tu za waraka mmoja.

Wycliffe alikufa mwaka 1384. Mwaka 1409 Askofu Mkuu Thomas Arundel alitoa amri kwamba mtu yeyote asitafsiri Maandiko kwa Kiingereza bila ruhusa ya kanisa. Na mwaka 1428, miaka arobaini na zaidi baada ya kuzikwa kwake, mifupa ya Wycliffe ilifukuliwa, ikachomwa moto, na majivu yakatupwa katika mto Swift. Hebu fikirini hasira ya namna hiyo! Lakini majivu ya mtu huweza kutupwa mtoni. Neno la Mungu halitupiki.

Miaka mingi ikapita. Huko Ujerumani Gutenberg akapiga chapa Biblia ya Kilatini karibu na mwaka 1455. Mwaka 1516 Erasmus akatoa Agano Jipya la Kiyunani. Ndipo Mungu akamwinua kijana mmoja Mwingereza, jina lake William Tyndale. Alikuwa mtu wa lugha nyingi, tena mtu mpole. Siku moja alibishana na mtu wa elimu, akamwambia kwamba Mungu akimpa maisha, atamwezesha kijana anayeshika plau shambani kuyajua Maandiko kuliko yule mwenye elimu.

Mwaka 1523 alikwenda London kumwomba Askofu Cuthbert Tunstall msaada wa kazi hiyo, naye akajibiwa kwamba hakuna nafasi. Mwaka 1524 akavuka bahari, akaenda Ujerumani. Katika mji wa Cologne, mwaka 1525, kurasa zilipokuwa zikipigwa chapa, adui wakapata habari. Tyndale na mwenzake wakachukua kurasa zao, wakakimbia kwa mashua kupanda mto Rhine mpaka Worms. Huko, mwaka 1526, Agano Jipya la Kiingereza lililotoka moja kwa moja katika Kiyunani likakamilika.

Sasa vitabu vitaingiaje Uingereza? Wafanyabiashara walivificha katikati ya marobota ya nguo, vikapita bandarini pamoja na bidhaa. Askofu Tunstall akaviteketeza hadharani London. Mwandishi mmoja wa historia wa wakati ule asimulia kwamba askofu huyo alimtumia mfanyabiashara anunue vitabu vingi ili avichome. Naye mfanyabiashara alikuwa rafiki wa Tyndale! Vitabu vikachomwa, fedha zikamfikia Tyndale, naye akapiga chapa vingine vilivyo bora zaidi. Lakini moto ulifanya kazi yake pia: katika maelfu ya vitabu vile vya 1526, leo vinajulikana 3 tu.

Twapenda mwangalie jambo moja hapa. Waliochoma vitabu hivyo hawakuwa wapagani. Walikuwa viongozi wa kanisa, na baadhi yao walidhani wanalilinda kundi. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya maneno machache. Mahali palipozoewa kusemwa kasisi, Tyndale aliandika mzee. Palipozoewa kanisa, aliandika kusanyiko. Palipozoewa kufanya kitubio, aliandika kutubu. Thomas More, mtu mwenye elimu kubwa, aliandika vitabu vinene kumpinga. Maana watu wakisoma wenyewe, watauliza maswali. Je, sisi wazee wa kanisa, wahubiri na wazazi, twafurahi mtu anapotuuliza swali kutoka katika Biblia yake? Au twamkunjia uso na kumnyamazisha? Mtu aweza kuuzuia mlango wa Neno hata akiwa ameshika Biblia mkononi.

Tyndale alijifunza Kiebrania, akatoa vitabu vitano vya Musa mwaka 1530. Lakini mwaka 1535, katika mji wa Antwerp, kijana mmoja aliyejifanya rafiki, aliyekula naye meza moja, alimsaliti. Akafungwa katika ngome ya Vilvoorde zaidi ya mwaka mmoja. Ipo barua yake moja aliyoiandika gerezani. Majira ya baridi yalikuwa yakikaribia. Aliomba apewe kofia yenye joto, maana alisumbuliwa na mafua. Na koti, maana lake lilikuwa jepesi. Na kitambaa cha kutilia viraka nguo zake. Aliomba taa, kwa kuwa kukaa peke yake gizani kulimchosha. Kisha, zaidi ya vyote, aliomba Biblia yake ya Kiebrania, pamoja na sarufi na kamusi, apate kuendelea kujifunza.

Ndugu msikilizaji, mtu huyu alikuwa akingoja kifo, naye aliomba Biblia.

Mwezi wa Oktoba 1536 alifungwa kwenye mti, akanyongwa, kisha mwili wake ukateketezwa. Yasemekana maneno yake ya mwisho yalikuwa maombi, kwamba Bwana amfumbue macho mfalme wa Uingereza. Naye Bwana alisikia. Mwenzake Miles Coverdale alikuwa amekwisha toa Biblia nzima mwaka 1535. Mwaka 1537 Biblia nyingine, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kazi ya Tyndale, iliuzwa kwa ruhusa ya mfalme yule yule, Henry wa Nane. Mwaka 1538 ikatoka amri kwamba kila kanisa liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza mahali ambapo watu wataweza kuisoma. Hayo yote hayakupita miaka miwili na nusu tangu moto ule wa Vilvoorde!

Taabu haikuisha. John Rogers, aliyeitengeneza ile Biblia ya 1537, alichomwa moto mwaka 1555 katika siku za Malkia Mary. Waliokimbilia Geneva walitoa Biblia yao mwaka 1560, na hiyo ndiyo Biblia nzima ya kwanza ya Kiingereza iliyogawanywa kwa mistari yenye nambari kama tuijuavyo sisi. Hatimaye, mwaka 1604, Mfalme James aliagiza tafsiri mpya. Wataalamu wapatao 47 walifanya kazi katika vikundi 6, huko Westminster, Oxford na Cambridge, na Biblia yao ikatoka mwaka 1611. Mtu akiisoma leo, mara nyingi asoma maneno ya mfungwa yule aliyeomba taa.

Na sisi je? Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, naye hakuacha kazi aliyokuwa ameianza ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Wengine wengi, Wazungu na Waafrika, waliendeleza, hata mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Kiswahili iliyotumiwa na makanisa mengi ya Kenya na Tanzania. Ipo Biblia ya Kikuyu, ya Kijaluo, ya Kikamba, ya Kimeru. Duniani Biblia nzima imekwisha tafsiriwa katika lugha zaidi ya 700. Hakuna hata moja kati yake iliyo lugha ya washamba mbele za Mungu.

Basi twajiuliza wenyewe, maana hatusemi na ninyi tu: Biblia yetu iko wapi wakati huu? Iko kabatini imefungwa kwa kitambaa, ikingoja Jumapili? Hakuna askari atakayeingia leo usiku kuitafuta. Hatuhitaji kuificha katika robota la nguo. Taa tunayo, kofia tunayo. Kama hatusomi, tutasema ni nani aliyetuzuia?

Twawasihi jambo dogo. Jioni ya leo, kabla ya kulala, iteremsheni Biblia. Yule mtoto ajuaye kusoma awasomee nyanya na babu, kwa lugha wanayoifahamu vizuri, sura moja tu. Kisha mwulizane maana yake, kama walivyofanya watu wale mbele ya Lango la Maji.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa watumishi wako waliotoa uhai wao ili Neno lako litufikie. Utusamehe uvivu wetu. Tufumbue macho na sisi, tupate kusoma, kufahamu na kutii. Kwa jina la Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.